Rauta Iliyokataa Kujijua

Wanaoogopa majini waendelee kuyaogopa. Mimi kilichonitoa jasho ni rauta.

Iko mezani mbele yangu, taa zinawaka, feni inanguruma. Naiita kwa anwani yake yenyewe, anwani niliyoipa kwa vidole vyangu hivi.

Inanijibu hakuna mtu wa anwani hiyo.

Naiita tena. Hakuna.

Yaani umgongee mtu mlango, afungue dirisha, akutazame usoni, kisha akwambie mwenyewe katoka.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Mimi ni fundi wa laini za simu, mstaafu. Nimezeekea juu ya nguzo. Niliposhushwa huko na kurudishwa nyumbani nikakuta nimekuwa kama kabati, kila anayepita ananisogeza. Nikikaa sebuleni, panataka kufagiliwa. Nikisimama jikoni, naulizwa natafuta nini.

Nikajitwalia chumba cha wageni, kitanda nikakitoa.

Humo nikapanga rauta tatu nilizozikomboa kwa muuza vyuma chakavu. Rauta ni mashine ya kupitisha data kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Hizi zangu ni za zamani, kila moja na uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Kelele zake sisemi. Siku niliyoziwasha zote kwa mpigo, paka wa jirani alihama. Jirani anadai alikuwa ameshahama wiki moja kabla. Mwacheni adai.

Nikajifundisha mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada na video za mtandaoni. Nikaamua kuanza na frame relay.

Hiyo ni namna waliyotumia zamani kuunganisha matawi ya ofisi yaliyo mbalimbali. Kampuni ya simu inakaa katikati, inakukatia njia kutoka tawi hili hadi lile. Pale mezani kwangu rauta ya kati niliipa cheo cha kampuni ya simu, na mbili za pembeni zikawa matawi.

Nikampigia mkwe wangu, mume wa binti yangu, ambaye mitandao ndiyo kazi inayomlisha.

"Shikamoo, baba. Umesema frame relay?"

"Marahaba. Ndiyo hiyo hiyo."

"Baba, hiyo mbona ilishaachwa? Hakuna anayeihitaji siku hizi."

"Hata mimi nilishaachwa. Ndiyo maana tunaelewana."

Mkwe ana adabu zake. Kicheko akakigeuza kikohozi.

Mambo yalikuwa shwari mpaka dada wa mke wangu alipopiga simu kwamba Jumamosi anakuja kukaa nasi.

Mke wangu akasimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

"Mzee, chumba cha wageni kina mgeni."

"Mbona kina watatu tayari."

"Na hao watatu wako wanafanya nini humu?"

"Wanaongea."

Hapo nikajifunga mwenyewe. Ningeweza kumwambia kwamba nikizizima nyumba nzima itakosa umeme, angeniamini nusu. Mdomo ukanitangulia.

"Basi tuwekane wazi tusije tukanuniana," akasema. "Jumamosi dada akifika, nikute zinaongea. Zikiongea, chumba ni chako, sikigusi tena. Siku nikizikuta bubu, zinarudi kwenye vyuma chakavu, na kitanda kinarudi hapa."

Tukapeana mikono. Nilikuwa natabasamu, maana nyaya nilishamaliza kuchomeka asubuhi ile na kuziseti rauta zote tatu. Ilibaki kujaribu tu.

Nikafunga mlango, nikavaa miwani.

Kujaribu kwenyewe si kazi. Unaandika ping, halafu anwani ya mashine unayoiita. Ikikusikia, zinajipanga alama tano za mshangao. Isipokusikia, nukta tano.

Sasa, sisi wa laini za simu tulikuwa na utaratibu wetu, na fundi aliyeukiuka alichekwa mpaka anastaafu. Unaanza na upande wako. Simu uliyoishika wewe ndiyo unayoipima kwanza. Ukikuta ni mbovu, huendi mbele hata hatua moja, unaitengeneza kwanza hiyo.

Kwa hiyo nikaiita rauta niliyokuwa nimekaa mbele yake. Yenyewe kwa anwani yake.

Nukta tano.

Haya, upande wangu ni mbovu. Sikwenda mbele.

Nikabadilisha waya. Nukta.

Waya hizi zina ncha mbili, moja inatoa mapigo ya kuongoza mwendo wa data na ya pili inayafuata, na ukizipachika kinyume utalia. Nikazikagua kwa tochi. Zilikuwa sawa. Nikazigeuza, nikazirudisha. Nukta.

Nikafuta kila kitu, nikaandika upya tangu mstari wa kwanza. Kila njia ina namba yake kila upande, nazo nikazinakili kwa kufuatisha kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Nukta.

Nikafungua mfuniko nikapuliza vumbi. Lote likaingia puani. Nikapiga chafya mpaka miwani ikadondoka nyuma ya meza. Nukta.

La kuudhi zaidi, ukiiuliza ile mashine hali ya njia, inaandika kwamba njia ni hai. Waya hai, njia hai, kila kitu hai. Mwenyewe tu ndiye hajulikani alipo.

Nikaanza kuisema kwa sauti. Nikaiuliza kama ina haya. Nikaikumbusha nilikoitoa.

Mke wangu akapita koridoni na kikapu cha nguo. "Vipi, wanaongea?"

"Wanajiandaa."

"Mimi namsikia mmoja tu, na sauti yake naijua."

Siku hazikusubiri. Nilikuwa nakula nimesimama. Nilibomoa mtandao ule na kuujenga tena hadi vidole vikawa vinaandika vyenyewe, na kila nikiujenga naanza na upande wangu, na kila nikianza na upande wangu naambulia nukta. Nikaipiga rauta kofi. Mkono ukavimba, yenyewe ikaendelea kunguruma.

Jumamosi asubuhi mke wangu akaingia na mashuka mapya. Akayaweka juu ya rauta ya kati, taratibu, kama anayefunika maiti.

"Dada ameshapanda gari."

"Nipe mpaka afike."

"Mzee, umeshajitahidi."

Huko kuhurumiwa ndiko kulikoniuma. Nikameza kiburi, nikampigia mkwe, nikaweka spika. Nikamwaga yote, waya, njia, namba, nukta.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, naomba usinikasirikie. Yule wa upande wa pili umemwita?"

"Nimwiteje wakati wa kwangu hajibu?"

"Ndiyo, baba. Ila hujamwita."

"Mwanangu, mimi laini nimezipanda kabla wewe hujaota meno. Mtu haruki upande wake."

"Sawa, baba. Kweli kabisa. Naomba tu umwite. Mara moja, halafu nitanyamaza."

Nikamwita ili nimwaibishe mkwe. Nikaandika anwani ya rauta ya upande wa pili, nikabonyeza.

Alama tano za mshangao. Zimejipanga kama askari kwenye gwaride.

Nikabonyeza tena. Tano.

"Amejibu?" mkwe akauliza.

Mke wangu akainama akatazama kioo. "Kuna vijiti vitano vyenye nukta chini."

"Basi ndivyo ilivyo, mama," mkwe akasema. "Kwenye mtandao wa aina hii rauta inajifunza njia ya kumfikia mwenzake tu. Njia ya kujifikia yenyewe haina, mpaka uiandikie. Ukiiita kwa anwani yake lazima ipotee. Si ugonjwa, ndiyo tabia yake."

"Na huu mtandao umeanza kufanya kazi lini?" nikauliza.

Adabu ilikuwa inamkaba. "Kama njia zilisomeka hai, baba... nadhani tangu siku ile ya kwanza."

Siku ya kwanza. Asubuhi ile ile niliyopeana mkono na mke wangu. Kumbe kila nilipobomoa, nilikuwa nabomoa kitu kizima.

Mke wangu hakucheka. Alikaa pale kilipokuwa kitanda zamani, yaani juu ya boksi langu la nyaya, akafuta macho kwa pindo la kanga.

"Kwa hiyo wiki nzima wanaongea, wewe uko katikati yao unawafokea."

Shemeji akafika mchana. Nikampokea mzigo nikiwa nimevimba kifua, nikampeleka moja kwa moja kuona alama tano. Akaziangalia kwa heshima, akasema ni nzuri.

Kisha nikamgeukia mke wangu. "Makubaliano?"

"Yako pale pale. Chumba ni chako, sikigusi."

Akachukua yale mashuka, akamshika dada yake mkono, wakaingia chumbani kwetu. Alipotoka alikuwa na mto wangu na blanketi langu.

"Kitanda chetu ni cha watu wawili," akasema, akanikabidhi. "Na wewe chumba unacho."

Ndiyo huku ninakoandikia, wadau, kwenye mkeka, kichwa kikiwa chini ya kampuni ya simu. Kuzizima siwezi. Kila akipita anasukuma mlango, anauliza, "Zinaongea?" Siku akizikuta bubu, muuza vyuma hayuko mbali.

Jana nilimuuliza shemeji, kwa upole sana, anafikiria kuondoka lini.

"Hata sina haraka, shemeji. Nyumba yenu ina utulivu. Nalala kama mtoto."

Funzo ninalowaachia ni hili. Kitu kikigoma kukujibu, kabla hujakibomoa litazame kwanza swali lako, huenda ndilo bovu, na huenda ulifundishwa kuliuliza hivyo na watu uliowaheshimu sana.

Na ukishindana na mkeo ukashinda, usishangilie hapo hapo. Subiri kwanza uone utalala wapi.