Kitone Alichokifuta Gaudiose

Gaudiose ni fundi wa kusafisha picha za harusi huko Nyabugogo, na hana huruma: chunusi, jasho, kovu la utotoni, vyote kwaheri. Bibi harusi akipita mikononi mwake, hata mama mzazi atamtambua kwa gauni tu. Ana miaka arobaini na sita, amekulia Bujumbura, na kinachomnyima usingizi ni Andromeda.

Ndiyo, ile galaksi jirani. Mtanzania mmoja, Mwalimu Goodluck, ana kikundi cha watu wanaotumiwa picha za galaksi hiyo kutoka darubini za mbali, wazilinganishe na za zamani: je, kuna nyota iliyowaka ghafla? Sharti ni moja. Ukibadilisha picha, umetoka. Mwaka mzima Gaudiose hajaona kitu, lakini kila mchana wateja wakipungua anazifungua zile nyota, na moyo unamdunda kama wa msichana.

Jumanne hiyo akaona kitone. Mkono, jamani, mkono wa kazi! Ukakifuta kabla kichwa hakijauliza. Akaandika "hakuna kitu", akatuma.

Akafungua picha ya pili. Kitone hicho hapo! Kamera ilikuwa imesogea, lakini chenyewe kiko palepale, ubavuni mwa nyota zilezile. Vumbi la kamera halifuatani na nyota. Akatazama picha ya wiki iliyopita: mahali pale ni peusi tii.

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Ila nyota haikubaliwi kwa picha moja, na ile ya kwanza yeye mwenyewe ameshasema haina kitu. Akapiga simu.

"Mwalimu, fungua picha ya kwanza ya leo, ile yenyewe uliyotumiwa. Kuna kitu nilikifuta."

"Umekifuta, dada Gaudiose?"

"Kama chunusi."

Mwalimu, ambaye kwa maneno anaishinda redio, akaifungua picha. Kisha akasema polepole, "Mungu wangu. Ipo. Huenda ni nova, nyota iliyowaka ghafla; wataalamu watathibitisha. Dada, mwanga huu umekuwa njiani miaka milioni mbili na nusu. Ulipoondoka, hapakuwa na mtu wa kuitwa mtu."

Gaudiose akaketi sakafuni. Safari yote hiyo, ukamfikia yeye, naye akaufuta kwa kidole kimoja.

"Naandika jina lako, wewe ndiye uliyeiona."

"Andika na kwamba niliifuta. Na lile sharti?"

Mwalimu akashusha pumzi. "Sharti ni sharti, dada. Kuanzia kesho hutapata picha."

"Sawa," akasema, machozi yakimtoka. "Basi leo niache niitazame."