Waya wa Mlangoni

Nimeendesha injini ambazo silinda yake moja ingemeza kichwa changu pamoja na mabega. Sisemi hivi kwa kujisifu tu, ingawa najisifu pia, na haki ninayo. Nilizaliwa Kakuyuni, katika nyumba ambayo mashine pekee iliyowahi kuingia ni cherehani ya kuazima. Nilivuta mkokoteni wa maji katika mitaa ya Malindi kwa miaka mitatu ili nisome chuo cha ufundi Mombasa, nikatoka na diploma ya mitambo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kisha nikaenda Uarabuni, miaka kumi na mmoja katika kituo cha kusafisha maji ya bahari. Nilianza kwa kufagia chini ya injini, nikamaliza nikiwa msimamizi wa zamu, na watu waliokuwa na shahada walikuwa wakiniuliza mimi. Niliporudi nyumbani sikuzunguka na bahasha ya vyeti. Kampuni moja ya chumvi, kaskazini ya Mambrui, ndiyo iliyonitafuta.

Kazi ya pale si ngumu kuieleza. Maji ya bahari huingia kwenye mkono wa bahari ulio kando ya mabwawa ya chumvi. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana, injini moja kubwa ya dizeli huzungusha pampu na kuyapandisha maji hadi bwawa la juu. Baada ya hapo jua na upepo humaliza kazi. Bamvua ikipita pampu imelala, bwawa hushuka, na watu mia wanaokwangua chumvi hukosa cha kukwangua. Kwa hiyo siku hizo injini haina ruhusa ya kuugua.

Aliyekuwa akiiendesha kabla yangu ni mume wa dada yangu mdogo. Nami nikawa mkubwa wake. Alikuwa ameishi na injini ile miaka tisa bila karatasi yoyote. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, kisha anakwambia nozeli ya silinda ya nne imechoka. Nami nikiipima kwa vifaa vyangu nakuta kweli imechoka.

"Mlamu," aliniambia wiki yangu ya kwanza, wafanyakazi wote wakisikia, "hiyo diploma yako ukiileta karibu na injini, inawaka?"

"Ikiwaka ndiyo utapata mwanga wa kusomea," nikamjibu.

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Tulikuwa hivyo. Mlamu kwa mlamu ni utani, na asiyetaniwa na mlamuye ajue kuna jambo.

Niliweka utaratibu ambao pale haukuwepo. Daftari la ukaguzi wa kila asubuhi: oili, maji ya kupozea, mkanda, chujio la hewa, kilango cha dharura. Niliwakusanya wote nikawafundisha hatari ambayo mafundi wengi wa hapa wanaijua kwa kusimuliwa tu. Injini ya petroli ukizima ufunguo inakufa, kwa sababu inategemea cheche. Ya dizeli haihitaji cheche. Inahitaji hewa na kitu cha kuungua. Ikiipata oili kwenye pumzi yake, itaiunguza oili hiyo na kuongeza mwendo, na hapo hata ukifunga dizeli haikusikii, maana haili tena kwenye tangi lako. Itakimbia mpaka ivunjike vipande, na vipande hivyo havichagui wa kumpiga. Njia ni moja: kuinyima hewa. Ndiyo maana kwenye koo la bomba la hewa palikuwa na kilango cha chuma, na waya wake ulipita ukutani mpaka mlangoni. Ukivuta waya, kilango kinafunga, injini inakosa pumzi.

Niliwafundisha hivyo. Kisha kilango nikakitoa kwa mikono yangu.

Nalisema mapema ili msomaji asinitafutie udhuru. Chumvi ilikuwa imekula springi yake, na katika bamvua moja kilijifunga chenyewe mara mbili, injini ikazima pampu ikiwa katikati ya kazi. Meneja alinipigia kelele mbele ya watu, mimi, ambaye Uarabuni sikuwahi kupigiwa kelele na mtu. Nikaagiza kipya. Nikaambiwa nisubiri. Bamvua nyingine ilipokaribia nikakifungua, nikaweka kipande cha bomba tupu mahali pake, nikaacha waya ukining'inia mlangoni kama kawaida. Na kila asubuhi, kwa siku ishirini na mbili, nikatia alama ya "sawa" kwenye mstari wa kilango. Nilijiambia kwamba injini zinazokimbia ni za mafundi wazembe, na mimi si fundi mzembe. Mlamu nilimficha. Angenicheka.

Kosa la pili ni la mdomo. Chujio la hewa la injini ile lina bakuli la oili chini yake. Hewa hupita juu ya oili ikaacha vumbi na chembe za chumvi humo. Oili ikipungua, uchafu unaingia kwenye silinda. Asubuhi moja niliikuta chini ya alama, nikamwita mlamu.

"Miaka tisa hujui kusoma mstari?" nikamwuliza. "Ama kule ulikotoka huwa mnapima kwa kukisia?"

Kule alikotoka ni Kakuyuni, nilikotoka mimi. Watu waliokuwa hapo waliinamia kazi zao. Utani una mipaka yake, nami niliivuka nikiiona. Yeye alijibu kwa adabu, "Nimesikia, fundi," akaenda zake. Hakuniita mlamu siku ile.

Kesho yake akalijaza bakuli mpaka ukingoni, nisipate tena la kusema. Hakuniuliza kama oili inaweza kuzidi. Ni nani angemwuliza mtu aliyemwaibisha hivyo? Nami asubuhi hiyo sikulifungua chujio. Nilitia alama tu.

Siku hiyo hiyo ilikuwa bamvua, saa kumi alasiri, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Injini ilikuwa imefanya kazi kama saa moja. Mlamu aliingia kwenye pembe nyuma ya pampu kupaka grisi. Pale mtu hupita kwa ubavu, na njia ya kutokea ni ile ile aliyoingilia, kando ya mkanda unaozungusha pampu, mpana kama kifua cha mtu. Mimi nilikuwa mlangoni.

Sauti ikapanda. Kwanza nikadhani pampu imevuta hewa, mzigo umepungua. Nikashusha mkono wa gavana, kile kifaa cha kudhibiti mwendo. Sauti ikazidi kupanda. Nikavuta wenzo wa kuzimia. Hakuna kitu. Nikafunga koki ya dizeli, na moshi wa buluu ukatoka ekzosi ukijaza banda lote. Sakafu ikaanza kutetemeka, spana zikatembea zenyewe juu ya meza zikaanguka. Mlamu aliniangalia kupitia juu ya pampu. Hakupiga kelele. Alikuwa ananiangalia tu, kama mtu anayemtazama daktari.

Mkono wangu ukaenda kwenye waya wa mlangoni. Ndivyo nilivyouzoeza kwa miaka kumi na mmoja: sauti ikipanda, vuta waya. Nikavuta. Waya ukaja wote, mwepesi, ukaanguka miguuni pangu, kwa sababu haukuwa umefungwa popote.

Sijui kama alijua maana ya kile alichokiona. Mimi nilijua.

Nikakimbia nje, nyuma ya ukuta, kwenye chujio. Nikalegeza pete ya chuma inayolishika, nikalipiga teke likaanguka, na oili ikanimwagikia miguuni kwa wingi hata nikaelewa kila kitu hapo hapo. Nikatumaini injini itatulia. Haikutulia. Oili ilikuwa imeshalala ndani ya bomba, nayo injini ilikuwa bado inainywa. Mdomo wa bomba ulikuwa wazi, unavuta hewa kwa mlio kama wa tarumbeta. Nikavua ovaroli nikaisukuma pale. Ikaanza kumezwa, mkono mmoja umeshaingia, nguo inachanika, na pumzi bado inapita. Nikamwita Mungu kwa jina. Niliita pia kwa Kigiriama, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu utotoni.

Jiko la wafanyakazi lilikuwa hatua chache kutoka pale. Mama mpishi, mwenyeji wa Mambrui, alikuwa akisukuma chapati za wanaotoka zamu. Nilipomfikia nikiwa na suruali na fulana tu, nimejaa oili, alirudi nyuma.

"Kibao, mama! Nipe kibao!"

"Subhanallah, kina unga!"

"Nipe hivyo hivyo!"

Akanirushia. Kilikuwa kibao cha duara, kizito, cha mti wa mwembe. Nikaichomoa ovaroli, nikakibandika kwenye mdomo wa bomba na donge la chapati likiwa bado juu yake, nikakiegemea kwa kifua. Bomba likakivuta kikakaza kama kimepigiliwa misumari. Sauti ndani ikaanza kukwama, ikashuka.

Ndipo mkanda ukakatika. Nilisikia mshindo mmoja, kisha ukelele wa mlamu. Kisha injini ikafa, na nikasikia maji yakirudi chini kwenye mabomba.

Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Mkono wa kulia ulikuwa umepinda kati ya bega na kiwiko, mahali pasipo na kiungo.

"Imezima?" akauliza.

"Imezima."

"Basi usifungue kifuniko chochote. Bado moto, itavuta hewa ilipuke."

Hilo ndilo aliloliwaza. Mimi niliyelisomea nilikuwa nimelisahau.

Tulimpeleka Malindi kwa pikapu ya kampuni. Niliushika mkono wake juu ya mapaja yangu, nimeufunga kwa vipande vya ubao wa sanduku, na kila shimo la barabara alilipokea kwa meno. Tulipovuka daraja la Sabaki nikagundua vidole vyake vimelegea. Nikamwambia aviinue. Hakuviinua. Nikamwambia tena. Akaniambia niache. Nimepanga zamu za watu arobaini, nimefungua injini usiku na mchana nikazifunga zikawaka mara ya kwanza, na pale ndani ya pikapu sikuwa na kitu hata kimoja cha kufanya ila kutazama vidole vya mtu mwingine.

Dada yangu alifika hospitali akiwa na leso mbili tofauti, amezichukua bila kutazama. Mlamu alikuwa ameshaingizwa ndani.

"Kaka, kulivunjika nini?" akaniuliza.

Ningeweza kumwambia kwamba mumewe alizidisha oili. Lilikuwa kweli. Meneja alikuwa ameshaniambia kwa simu nilitangulize hilo kwenye ripoti, na kwamba lilitosha.

"Hakikuvunjika kitu," nikasema. "Palikuwa na kilango cha kuizima. Nilikifungua mimi."

"Lini?"

"Wiki tatu."

"Na yeye alijua?"

"Hakujua."

Kisha akasema, "Nenda ukanitafutie maji ya kunywa." Nilipoyaleta aliyapokea, akageuka upande wa ukuta akanywa. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Kwenye ripoti niliandika yote mawili, oili na kilango, na chini yake jina langu na diploma yangu. Nilishushwa cheo. Sasa namfuata kijana wa Mombasa mwenye cheti kidogo kuliko changu, na kila asubuhi hukagua nyuma yangu, na ana haki. Kilango kipya kililetwa baada ya siku nne. Kumbe kilikuwa Mombasa siku zote, hakuna aliyekipigia simu kwa ukali, hata mimi.

Mfupa wa mlamu uliunga. Mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa ule ndio uliopigwa. Daktari alisema huenda utarudi, huenda usirudi, na kwamba dalili ya kwanza itakuwa kuinua kiganja. Mpaka wakati huo kinaning'inia kutoka kifundoni kama cha mtu aliyelala. Anashika jembe kwa mkono wa kushoto, na dada yangu analima mistari mingine.

Kila Jumamosi napanda bodaboda mpaka Kakuyuni. Nalima mpaka jua linapochoma, halafu tunaketi ukumbini na anaweka mkono juu ya meza bila kuambiwa. Mwezi wa kwanza hakuzungumza nami ila kwa salamu. Sasa anazungumza.

Jumamosi iliyopita nilimwambia, "Inua."

Akakunja uso, mishipa ya shingo ikamtoka. Nilikitazama kiganja jinsi nisivyowahi kuitazama saa ya presha ya oili. Kililala pale pale.

"Nimeinua, mlamu," akasema, jasho likimtoka. "Moyoni nimeshainua kitambo. Mkono ndio haujapata habari."

Dada yangu, aliyekuwa akipepeta mahindi mlangoni, hakucheka. Mimi pia sikucheka. Nilimwambia apumzike kidogo, halafu ajaribu tena.