Siku Niliyomfukua Kisubi

Nianze kwa kukiri mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Nshamba, maana kule habari hii inasimuliwa hadi kwenye foleni ya mashine ya kusaga: ni kweli, mimi Editha, fundi cherehani wa Bakoba mjini, mtu mzima mwenye akili zangu, niliita serikali ya kitongoji ije kufukua maiti kwenye kibanja cha wakwe zangu watarajiwa, na maiti hakuwepo.

Lawama nazipeleka kwenye tamthilia. Mimi ni mgonjwa wa aina mbili, za upelelezi na za madaktari, naingiziwa kwenye flashi zikiwa zimeshatafsiriwa, jioni nikifunika cherehani nakaa na sahani yangu ya ndizi mbele ya runinga na hapo usinisemeshe. Zile za upelelezi nazipendea kwamba hazina kitu cha bure, mtu akikohoa sehemu ya kwanza, sehemu ya nane utaambiwa alikohoa kwa nini. Za hospitali nazo zimenifundisha kumpima mteja gauni huku nikimpima na ini (mmoja nilimwambia macho yake yana umanjano, hakurudi kuchukua gauni lake mpaka leo). Deus, mchumba wangu, alikuwa akinitania: "Wewe Editha, ukienda msibani utauliza kama marehemu alikuwa na maadui." Tulikuwa tunacheka wote.

Basi Deus akanipeleka kwao Nshamba nikakae siku tatu na wazazi wake, yeye akarudi kazini mjini. Wenyewe mnajua kwenda kuonekana kulivyo: unamenya ndizi, unachota maji, unacheka kwa kiasi, na mama mkwe anakusoma bila kukutazama. Nilimpenda Deus, bado nampenda, na sikuwahi kutaka jambo liende sawa kama nilivyotaka lile.

Siku ya pili asubuhi nafagia ua, nikamsikia Ta Laurian, baba yake Deus, anaongea na simu nyuma ya nyumba. Alikuwa anatumia Kiswahili kwa sababu aliyempigia ni Msukuma mmoja mwenye gari la kukodi. Nikasikia hivi, neno kwa neno: "Kisubi tumeshamfukia, tangu juzi. Wewe njoo Jumamosi tumpakie. Ila huyu mgeni wetu asijue."

Ufagio ukasimama. Mtu mwenye heshima zake angeendelea kufagia, au angeuliza kwa sauti, "Baba, Kisubi ni nani?" na mambo yangeishia hapo. Mimi nikangoja Ta Laurian apande bodaboda kupeleka kahawa yake kuuza, kisha nikazunguka nyuma ya nyumba, hatua kama ishirini tu, na hizo ishirini ndizo zilizoniponza.

Kule kibanjani, katikati ya migomba, nikakuta tuta la udongo mpya, refu kama mtu mzima aliyelala, na pembeni yake moshi mwembamba unatoka ardhini. Panga limeegemezwa kwenye mgomba. Shati la kazi la Ta Laurian limetundikwa, lina madoa ya rangi ya damu iliyokauka. (Nimemenya ndizi tangu nina miaka saba, utomvu umenichafulia magauni yasiyo na idadi, doa la utomvu nalijua kuliko ninavyojua jina la babu yangu, lakini asubuhi ile niliona damu.) Moshi nao nikaupatia maelezo: wanateketeza ushahidi.

Nikarudi jikoni kwa mama mkwe, Ma Anastela, nikachukua kisu, nikamenya ndizi moja, nikajikaza.

"Mama, nilikuwa naomba kuuliza habari za Kisubi."

Mkono wake ukasimama. "Nani amekwambia habari za Kisubi?"

"Nimesikia tu."

"Hayo si ya kwako kuyajua sasa hivi, mwanangu. Ukiyajua utaharibu. Menya."

"Ego waitu," nikaitika kwa adabu zote, nikamenya nyingine tatu, nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, na choo chenyewe kikawa nyumbani kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mwenyekiti alikuwa barazani anatafuna kamwani, zile buni zetu za kuchemsha, akanikaribisha nami nitafune, nikakataa. Nikamwambia kuna mtu amefukiwa kwenye kibanja cha Ta Laurian. Akaacha kutafuna.

"Nani huyo?"

"Jina nitalitaja mbele ya vyombo husika," nikamjibu, maana shahidi mwerevu hatoi kila kitu kwa mara moja. Jamani, laiti ningelitaja. Mzee wa watu angecheka, angenipa kamwani yangu, ningerudi kumenya.

Akaja na mgambo wawili wenye majembe, na nyuma yao kijiji, maana Nshamba huwezi kutembea na mgambo wawili ukabaki peke yako. Ma Anastela alipotuona tunaingia alipiga yowe la Kihaya la mshtuko, "Mawe!", akakaa chini na ndizi yake mkononi, nami (hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze) nikamshika kifundo cha mkono, nikamhesabia mapigo ya moyo, nikawaambia watu wampishe apate hewa. Kisha nikazungushia kitenge changu kwenye migomba minne ili wasikanyage eneo la tukio, nikavaa mifuko ya mkate mikononi, nikasimama kando ya tuta kutoa maelekezo. Ma Anastela alikuwa anasema kitu kwa Kihaya kutoka kule alikokaa, mara mbili, mara tatu, lakini kelele za watu zilimzidi.

"Polepole," nikawaambia mgambo. "Msimguse usoni."

Wakatoa udongo. Wakafika kwenye majani ya migomba, wakayafunua, joto likatupiga pamoja na harufu tamu, na chini yake mikungu imelala kwa mpangilio, nusu kijani, nusu njano. Mwenyekiti akainama, akabonyeza ndizi moja kwa kidole gumba.

"Kisubi," akasema. "Hajaiva bado."

Kisubi ni ndizi za pombe. Mimi mtoto wa Bakoba nazijua za kupika na za kuchoma, lakini rubisi, pombe yenyewe, nimeijulia kwenye dumu, sikuwahi kujiuliza inatoka kwenye ndizi gani, wala kwamba ndizi hizo huivishwa shimoni kwa moshi. Na Kiswahili cha Ta Laurian hakina ngeli nyingi, chochote chenye jina kwake ni mtu.

Ta Laurian alirudi katikati ya kicheko, akashuka kwenye bodaboda, akatazama shimo, akatazama kitenge, akatazama mifuko yangu ya mkate. Akamuuliza mkewe kuna nini.

"Amefukua posa yake," Ma Anastela akajibu.

Ndiyo ikawa hiyo siri. Rubisi ya kuja kuniposa kwetu, Jumamosi ile ile, na kwa desturi mimi sikutakiwa kujua. Shimo likifunguliwa kabla ya wakati joto linapotea na ndizi hazitoi maji. Kicheko cha watu kilinichoma, nikaona Deus ananitoka, nikapiga magoti pale pale kwenye udongo na mifuko yangu, nikalia. Ta Laurian akalizunguka shimo, akapima uharibifu kwa macho. Kisha akaniletea jembe.

"Uliyemfukua," akasema, "mfukie."

Nilifukia mpaka saa tisa, nikakoka moto upya huku Ma Anastela akinielekeza na kucheka peke yake, na posa ikasogezwa wiki moja.

Siku walipokuja Bakoba, nyumba imejaa, wajomba na shangazi zangu wote wapo na hawajui lolote, msemaji wa upande wa Deus alisimama mbele ya madumu ya rubisi, akakohoa. "Tumemleta marehemu," akasema. "Kabla hatujaendelea, binti aje athibitishe kama ndiye."

Nikatoka chumbani na gauni nililolishona wiki nzima, nikapiga magoti, nikapewa kibuyu, nikaonja. Tamu kweli.

"Ndiye," nikasema. "Na nimefurahi kumfahamu."

Za upelelezi nimeapa kuziacha. Za hospitali bado naangalia, ingawa Ma Anastela akija kututembelea huficha mikono yake yote miwili.