Kikombe cha Saadi Chapigwa Mnada

Mwalimu Hanna akiamua jambo, hashikiki. Mwaka huu aliamua kwamba wanafunzi wake wa kidato cha tatu, katika sekondari moja ya Terrat anakofundisha historia, hawataisoma Vita ya Kagera kwa kukariri tarehe. Wakachora ramani kwenye kompyuta ya shule: Kyaka, Mutukula, Masaka, na njia yote ambayo wanajeshi wetu waliikanyaga kwa miguu. Hapa na pale wakaweka nukta nyekundu. Ukigusa nukta, unasikia sauti ya mtu aliyepita mahali hapo. Siku ya Mashujaa ramani ingefunguliwa rasmi mbele ya wazazi.

Nukta zote zilikuwa na sauti isipokuwa moja, karibu na Masaka. Hiyo ndiyo iliyomnyima Hanna usingizi, kwa sababu mwenye sauti yake alikuwa baba mkwe wake mwenyewe.

Mzee Aminieli, mkulima wa kahawa na migomba kule Akheri kwenye miteremko ya Meru, alikwenda vitani akiwa kijana na kurudi na kikombe cha bati kilichobonyea ubavuni. Hakikuwa chake. Kilikuwa cha Saadi, fundi cherehani wa Kaloleni, Arusha mjini, ambaye hakurudi. Saadi hakuacha mke wala mtoto, wazazi wake walishafariki zamani, na picha yake hakuna aliyekuwa nayo.

"Mama Brayson," mzee alimwambia Hanna alipoombwa arekodiwe, "siku nikizikwa mimi, Saadi anazikwa mara ya pili. Njoo na hiyo simu yako."

Hanna akapanda mlimani na simu na stendi yake. Mzee akavaa suti ya kanisani, akakaa wima kwenye kochi, akasafisha koo. Hanna alipobonyeza tu, sebule ikageuka kituo cha redio.

"Ndugu wananchi! Majeshi yetu yalisonga mbele kwa ari na ushupavu mkubwa!"

"Na Saadi, baba?"

"Ndugu Saadi alikuwa mpiganaji hodari na mtiifu."

Yakaishia hapo. Wakajaribu bila suti, wakajaribu migombani, wakajaribu huku mzee anamenya ndizi za mtori. Wapi! Akijua simu inasikiliza, anakuwa mtangazaji. Enzi za vita ile taarifa zilisomwa redioni kwa sauti nzito na nchi nzima ikanyamaza kusikiliza, kwa hiyo kichwani mwake neno la kubaki ni lazima lisemwe vile. Mwishowe akakata tamaa, akashusha mabega.

"Nimemwangusha Saadi," alisema. Hanna akakunja stendi, akarudi nyumbani.

Jumapili akaenda kusali kulekule Akheri. Baada ya ibada watu wakatoka nje kwenye mnada wa sadaka, na kama ilivyo miaka yote, aliyenadi ni Mzee Aminieli. Alimwinua jogoo juu.

"Mnamwona huyu? Baba yake alimkimbiza mwinjilisti mpaka kwenye kahawa! Mnasubiri nini?"

Watu hoi kwa kicheko. Hanna akasimama na parachichi alizonunua mnadani mkononi, akimwangalia mkwewe kama ndio kwanza anakutana naye. Kumbe mzee hakukosa maneno. Alikosa kitu cha kunadi!

Alhamisi mzee alikuwa mbele ya darasa, kikombe mkononi. Hanna alishamwomba ruhusa ya kumrekodi, akaiweka simu kwenye dirisha na kuisahau huko.

"Baba, wanafunzi hawana pesa," alisema. "Wao watataja dau kwa maswali. Mwenye swali zuri ndiye mnunuzi."

Macho ya mzee yakawaka. "Kikombe! Kimebonyea lakini hakivuji! Nani ananifungulia dau?"

"Shikamoo babu," alisema Twahira, binti wa Sombetini. "Kilibonyeaje?"

"Marahaba! Dau hilo! Mbuzi alikuwa anatafuna suruali yangu, ambayo Saadi alikuwa ametoka kuishona. Akamrushia mbuzi kikombe. Akamkosa mbuzi, akanipata mimi! Hapa palipobonyea ni kichwa changu hiki!"

Darasa likalipuka. Reginald, anayesali usharika mmoja na mzee, akasimama. "Kikombe kimoja watu wawili, nani alikuwa anaanza kunywa?"

"Dau limepanda! Ijumaa anaanza yeye, Jumapili naanza mimi, siku nyingine tunagombana. Mara ya kwanza! Mara ya pili! Kimeuzwa kwa huyu kijana!"

"Narudisha!" Reginald akapaza sauti.

Wenzake wakashangaa, lakini mzee nusura acheze. Mnadani kanisani, mnunuzi mkarimu hukirudisha alichonunua ili kinadiwe upya. Kikombe kikarudi hewani.

Safari hii Twahira aliuliza polepole. "Alifia wapi, babu?"

Mzee akakishusha kikombe mpaka tumboni.

"Njiani kwenda Masaka, asubuhi. Tulikuwa tumemaliza chai. Akaniambia, leo zamu yako kusuuza. Nikashuka kijitoni. Niliporudi, bomu lilikuwa limeshaanguka." Akakizungusha kikombe mikononi. "Zamu haikuwa yangu. Nilisuuza jana yake. Nilikwenda tu kwa kuwa alicheka."

Sauti hiyo haikuwa ya redio. Hanna alilia mbele ya wanafunzi wake na hakuona aibu. Najim, ambaye hata kuitikia jina ni kazi, akainua mkono.

"Babu, alikuwa anachekaje?"

Mzee alimgeukia. Kisha akacheka, na kicheko hakikuwa chake. Kilianza chini, kikakwama kama pikipiki inayogoma kuwaka asubuhi ya baridi, kikazimika kabisa, halafu, mtu akidhani kimekwisha, kikawaka kwa nguvu. Darasa zima likakifuata.

"Kimeuzwa!" mzee alisema, akipangusa macho. "Kwa huyu mkimya. Na wewe usinirudishie. Kaa nacho hapa shuleni."

Siku ya Mashujaa wazazi walijaa ukumbini. Nukta zote ziliguswa, lakini ile ya karibu na Masaka watoto waliipangia foleni. Kicheko kilipotoka kwenye spika, watu wasiojua hata kinamhusu nani wakaanza kucheka, safu kwa safu, mpaka mama mmoja wa nyuma akawa anaomba maji.

Mzee Aminieli, ndani ya suti yake, alimvuta Hanna mkono.

"Ndiye huyo, Mama Brayson. Ndiye yeye kabisa. Hebu mwache acheke tena."

Hanna akagusa nukta.