Gia Ambayo Hakuna Aliyeiomba

Jamani, kuna wema mwingine ni balaa tupu! Mama Vipimo, fundi wa maabara kwa miaka kumi na tisa, alisimama mbele ya maikrowevu mikono kiunoni, damu ikimchemka. Chupa ya nne asubuhi ile ilikuwa imetoa tope lenye mabonge badala ya unga laini wa semikondakta, ambao pale chuoni yeye tu ndiye aliyejua kuupika.

Unga ule ukipakwa kwenye kioo chenye nyaya mbili huhisi mwanga: ukimulika taa, mshale wa mita unaruka. Ijumaa wakubwa walikuwa wanakuja kujionea. Mshale ukiruka, Mama Vipimo anaandikwa mtafiti. Ukilala, anarudi kuosha chupa mpaka astaafu.

"Vipimo ni vilevile, dakika zilezile!" aliwaka. "Hapa kuna mkono wa mtu."

Mkono ulikuwa wa mdogo wa mumewe, fundi wa redio na friji, aliyeitwa juzi kurekebisha kitasa cha mlango wa maikrowevu. Alipopigiwa simu alikuja mbio, akichekelea.

"Kitasa kinasumbua, shemeji?"

"Kitasa hakina neno. Ulishika nini kingine?"

"Aa, ile sahani ya ndani ilikuwa haizunguki, nikaitia gia mpya. Bure kabisa! Wewe si mtu wangu?"

"Nani alikutuma? Miaka mitano haizunguki! Chupa yangu inakaa palepale penye moto mkali, inashika joto ghafla, unga unatoka laini. Wewe umeizungusha kama pia!"

"Sasa ningejuaje? Mtu aone kibovu akiache?"

"Akiache! Kibovu changu kilikuwa kinafanya kazi!"

Shemeji aling'oa gia huku amenuna, akilalamika kwamba kweli shukrani ya punda ni mateke. Chupa ya tano ikatoa unga laini. Ulipokauka wakaupaka kwenye kioo, wakamulika, mshale ukaruka. Mama Vipimo akapiga kigelegele kimoja, kisha akaendelea kugomba, maana hasira zilikuwa bado hazijaisha.

Makelele yakamtoa mkuu wa maabara ofisini. Alisikiliza, akauliza, "Hilo la sahani umeliandika wapi?"

Daftari likafunguliwa. Gramu zilikuwemo, dakika zilikuwemo, hata siku ambazo umeme ulipungua nguvu. La sahani halikuwemo. Nani aandike kwamba anapikia kwenye mkweche? Mama Vipimo aliona aibu.

"Yule binti tuliyemwondoa mwaka jana," mkuu alisema, "alifuata daftari hili miezi mitatu, akitoa tope tu, kwenye maikrowevu mpya ya chumba cha pili. Sahani ya ile inazunguka."

Lo! Ni yeye Mama Vipimo aliyetangaza mbele ya watu kwamba yule binti ana mkono mzito, kazi hii haimfai.

"Ukiliandika leo, Ijumaa wakubwa watauliza kwa nini hukuliandika mapema," mkuu alimwonya. "Cheo kinaweza kukupita."

Mama Vipimo alichukua kalamu akaandika: sahani haizunguki, haijazunguka tangu mwanzo. Akatia tarehe na sahihi. Kisha akatoka kwenye korido na simu yake.

"Mwanangu, ni mimi, Mama Vipimo wa maabara. Mkono wako haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu." Akamweleza yote, bila kujitetea.



"Nilikuuliza, mama," binti alisema. "Nilikuja mara tatu kukuuliza kama kuna jambo halimo daftarini."