Ngozi ya Ng'ombe wa Msiba

Miaka ya mwanzo ya uhuru mimi na mume wangu tulinunua ngozi za ng'ombe pale mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu. Watu wa pwani wenzetu waliuza kanga na sukari, wakanukia udi. Sisi tulinukia biashara yetu. Msikitini mume wangu hakuwahi kukosa nafasi, watu walijisogeza wenyewe.

Kununua ilikuwa kazi yake, kukagua ilikuwa kazi yangu, kwa sababu mume wangu hakuweza kumwambia mtu neno baya. Ukimletea ngozi yenye matundu kama chekeche, atakuambia inapitisha hewa vizuri. Mimi nilianza kwa kuvuta nywele. Zikibaki mkononi, ngozi imeoza, rudi nayo kwenu. Kisha naikunja. Iliyoanikwa chini juani hukauka nje huku ndani ni mbichi, ukiikunja inapasuka. Iliyowambwa kwenye fremu ya miti, kivulini, inakunjika bila kelele. Bwana mifugo alizunguka vijijini akihubiri fremu na kivuli kwa ajili ya kujenga taifa. Watu walimpigia makofi, mvua ya Rungwe ikanyesha, wakaenda kuanika juu ya paa la jiko.

Mwisho naigeuza niangalie upande wa nyama. Ng'ombe aliyechinjwa akiwa mzima damu yake hutoka yote, na upande huo huwa mweupe. Aliyekufa mwenyewe damu hubaki kwenye mishipa, na mishipa hujichora myeusi kama mizizi. Hiyo hata uisugue kwa majivu haitoki.

Siku moja wakaja watu wanne kutoka Lufingo: ndugu wawili, dada yao, na mume wa huyo dada, ambaye ndiye aliyebeba ngozi. Walisimama mlangoni kama watu waliokuja barazani kushitakiana, na kweli ndicho walichojia.

Kaka mkubwa akaeleza. Baba yao alikuwa amefariki. Kwa Wanyakyusa mkwe huleta ng'ombe msibani, na ng'ombe huingia uani kwa miguu yake, watu wamwone. Huyu shemeji yao alifika na nyama begani. Alidai ng'ombe alivunjika mguu mlimani, ikabidi amchinje pale pale.

"Sisi tunasema ametuletea mzoga," akasema. "Dada yetu mwenyewe anasema ng'ombe yule alikuwa hoi tangu nyumbani. Nyie hapa hamna ndugu upande wowote. Semeni. Kama ni mzoga, amemdharau marehemu, na dada yetu harudi kwake. Kama alichinjwa mzima, amchukue leo hii."

Mume wangu akasema ni ngozi nzuri sana. Alikuwa hajaikunjua.

Nikamsogeza pembeni. Loo, niliipenda siku ile! Nani alikuwa amewahi kuniita hakimu? Nikavuta nywele, zikagoma kutoka. Nikaikunja, kimya. Nikaigeuza: nyeupe pe, hakuna mshipa hata mmoja. Hata mkato wa kisu cha mchunaji sikuuona. Nikasema kwa sauti, wasikie mpaka jirani, kwamba ng'ombe huyu alichinjwa akiwa mzima, na aliyemchuna ana mkono wa utulivu, mwanamume wa kutegemewa. Nilimsifu hasa.

Ndugu wakatazamana. Kaka mkubwa akampa shemeji mkono, akamwomba radhi, na wanaume wote wakatoka nje na mume wangu kupatana bei. Mambo yakaisha kiungwana.

Yule dada alibaki. Akapitisha kiganja juu ya ngozi, upande ule mweupe, polepole.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "hakuna hata damu kidogo?"

Nikadhani ana wasiwasi, maskini, anataka uhakika. "Hakuna, mwanangu. Safi kabisa. Ondoa shaka."

"Angalia tena."

Nikaangalia tena! Nikaiinua kwenye mwanga wa mlango, nikaipekua kuanzia shingo hadi mkia. "Hakuna," nikamwambia, na nilikuwa natabasamu.

Mumewe akamwita kutoka nje, mara moja tu, wala si kwa ukali. Dada akashtuka kama aliyepigwa. Akauondoa mkono kwenye ngozi, akaufunika kwa kanga.

"Ndaga, mama," akasema. Asante, kwa lugha yao. Akatoka.

Nilifika mlangoni walipokuwa wanashika njia ya kurudi kwao, yeye nyuma, mumewe mbele. Nilitaka kumwita kaka mkubwa nimwambie nimekosea, nimeona damu, nimeona mishipa myeusi tele. Nikapiga hatua mbili nje, nikasimama, na wao wakapinda kona.

Mume wangu akaingia akisugua viganja kwa furaha. "Hiyo daraja la ngapi?" akauliza.

"La kwanza," nikamwambia, nikaketi juu ya ngozi ile nikalia.