Katoni Iliyofika Nzima Bungoma

Wakonyo, mjane wa Mathenge, alikuwa na kidole gumba chenye kovu lililokipasua katikati, tangu siku mkanda wa mashine ya posho ulipokirarua. Kwa kidole hicho, kuanzia mwaka wa themanini na nne, alipokea dawa za dispensari yao huko mashambani nje ya mji wa Kwanza. Walimchagua kwenye kamati awawakilishe akina mama, maana hakuwa mtu wa umbeya na nyumba yake ilimetameta kwa usafi. Kusoma hakujua. Hilo halikuwasumbua wakubwa wa kamati, na usishangae: liliwafaa.

Kila mwezi Landrova ya serikali ilileta katoni moja kutoka Kitale. Sheria ilijulikana: katoni ifunguliwe mbele ya kamati, mikebe ihesabiwe, ndipo watu watie sahihi. Lakini ustaarabu wa pale ulikuwa mwingine. Kwanza chai ya maziwa, mkate uliopakwa siagi, soga kidogo za mahindi, halafu mwenyekiti Ngari angesema dereva anataka kufika Endebess kabla ya mvua, tusimcheleweshe mgeni. Na kumhesabia mikebe mhudumu wa dispensari, waliyemwita daktari, si ni kumwita mwizi huku mdomo umejaa mkate wake? Basi Wakonyo alichovya kidole kwenye wino wa zambarau, akakibandika kwenye karatasi, akakibandika tena kwenye utepe uliofunga katoni, akaenda zake nyumbani. Wino ule hakuuosha hadi Jumapili, ili akina mama wenzake wauone kanisani.

Na wagonjwa je? Walikuja na daftari zao, daktari akawaandikia, kisha dirishani wakaambiwa dawa zimeisha, wakanunue mjini. Wiki ya kwanza ya mwezi, ati zimeisha! Siku moja jirani yake Chelimo alikaa kwenye saruji na mtoto anayetetemeka kwa homa, akakataa kuondoka. Nani alimwinua? Wakonyo huyohuyo. Alimwambia asimsumbue daktari, katoni ni moja na watu ni wengi, tena wengine wanakunywa dawa kama uji. Chelimo akambeba mtoto wake akaondoka. Mtoto alipona, lakini masikio yake hayakusikia tena.

Mwaka wa tisini na moja, binti yake Gathoni, aliyeolewa Kanduyi, akashikwa na malaria akiwa na mimba. Wakonyo akaenda kumuuguza, akatumwa kwenye duka la dawa mjini Bungoma. Muuzaji aliinama, akainua katoni kutoka chini ya kaunta, akatafuta wembe wa kukatia utepe. Juu ya utepe palikuwa na alama ya kidole, zambarau, kovu katikati.

Loo! Alitazama utepe, akatazama gumba lake. Ile katoni haikuwa imeguswa na mtu. Ilitoka mkononi mwake, ikasafiri mpaka hapa nzima nzima, kama mgeni wa heshima. Na uchafu juu ya uchafu, ilibidi anunue, maana Gathoni alikuwa anaungua.

Aliporudi alimwendea daktari faraghani, kwa adabu, kama alivyolelewa. Mtu yule hakukana hata kidogo. Alimpa kiti, akatoa faili.

"Mama Gathoni, hizi karatasi za miaka saba zina kidole cha nani?" akauliza. "Ukienda kusema, watataka kujua ni nani aliyepokea dawa."

Kisha akammiminia chai. Jamani, chai! Ngari naye alimsihi asiliharibie kamati jina, na alipokwenda ofisini Kitale, karani alitaka kwanza barua iliyopitia kwa mwenyekiti, yaani Ngari yuleyule. Wakonyo akajifungia nyumbani wiki mbili. Aliogopa jela, ndiyo, lakini zaidi aliogopa macho ya Chelimo. Daktari alimtia kinyaa, Ngari alimtia kinyaa, ila kinyaa kikubwa kilikuwa cha kidole chake mwenyewe. Alikisugua kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka kikatoa damu.

Wiki ya tatu alikwenda pale dirishani, wagonjwa wakiwa foleni, Chelimo miongoni mwao. Hakupaza sauti.

"Chelimo, siku ile nilipokuinua hapa, dawa ya mtoto wako ilikuwa imekuja. Nilitia kidole bila kuiona, na dawa zetu zinauzwa Bungoma, nimeziona. Daktari akisema mimi ndiye niliyepokea, ni kweli. Si lazima mnisamehe. Lakini Ijumaa katoni ikija, mje."

Chelimo alitema mate chini, karibu na viatu vya Wakonyo, akaenda zake.

Ijumaa Landrova ikafika. Chai ilikuwa mezani, mkate pia, na Ngari alikwisha kusukuma wino mbele. Wakonyo hakukaa. Mlangoni walijazana watu kama arobaini na daftari zao, na mbele kabisa alikuwa Chelimo, amemshika mkono mtoto wake. Nje dereva alipiga honi, akapiga tena.

"Fungua kwanza," Wakonyo akasema.

Daktari alitazama mlango, akatazama dirisha lenye nondo, akachukua wembe. Mikebe ikaanza kutoka: ya malaria, ya kuhara, ya macho, chupa za dawa ya watoto, mpaka meza ikajaa wakaanza kupanga sakafuni. Miaka yote hiyo Wakonyo alidhani ni vikebe viwili vitatu vya kugombaniwa na kijiji kizima. Alihesabu mpaka hesabu ikampotea. Akakaa palepale chini, katikati ya dawa.

Chelimo aliingia na mtoto wake, akaitazama ile mikebe.

"Kumbe zilikuwa zinatosha," akasema.